Mita sitini kutoka wapi?

Kuna neno moja ambalo ukishafanya kazi ya uandishi wa habari miaka miwili mitatu unalizoea kama jina lako: uwezo. Warsha ya kujenga uwezo. Semina ya kutathmini uwezo. Mkutano wa wadau kuangalia uwezo wa serikali za mitaa katika kupunguza madhara ya maafa. Unafika saa tatu, unasaini karatasi, unapewa kalamu na daftari lenye nembo, mtaalamu anawasha projekta, na kabla chai haijaja umeshaambiwa kwamba "halmashauri zetu hazina uwezo". Mchana wali kuku. Jioni unaandika habari yako ya aya sita. Kesho yake mashangingi yameondoka na halmashauri ni ile ile.

Sina ugomvi na warsha (chai yao ni nzuri). Ninachouliza ni hiki: uwezo upi hasa? Je, uliwahi kuwepo? Kama uliwahi kuwepo, ulikwenda wapi? Maswali haya hayajibiwi kwa projekta. Yanataka historia, na historia ya kujibu maswali haya tunayo hapa hapa nyumbani.

Mimi ni mtu wa Mwandiga. Kwa wale ambao hawajafika mwisho wa reli, Mwandiga ni mji mdogo unaoukuta ukitoka Kigoma mjini kuelekea Kasulu, mahali ambapo barabara ya Manyovu inachepuka kwenda mpakani na Burundi. Tuko juu ya ziwa. Maji yakipanda kule Ujiji au Kibirizi sisi hatulowi miguu. Lakini watu wanaolowa wanapanda kuja kwetu, na maji na matope yanayotoka kwenye milima yetu yanashuka kwenda kwao. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu: Mwandiga iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, wakati mjini ni Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Daladala inavuka mpaka huo bila hata kupunguza mwendo. Maji nayo hivyo hivyo.

Haya, tuanze na Ujiji.

Habari za Stanley na Livingstone kila aliyepita darasa la tano anazijua: mwaka 1871, mwembe, salamu. Kinachosahaulika ni kwamba Stanley alirudi Ujiji mwaka 1876, na safari hii akakuta miti mitatu aliyoiacha imesimama kwenye eneo la soko imo ndani ya maji. Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda. Sababu ilikuwa ng'ambo ya pili, mahali panapoitwa Kalemie leo. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, na mlango huo ulikuwa umezibwa na matete na udongo. Cameron aliuona mwaka 1874 ukiwa umejaa majani. Mwaka 1878 kizuizi kikabomoka, maji yakatoka kwa nguvu kuelekea mto Kongo, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Baharia mmoja wa London Missionary Society, Edward Hore, aliyefika Ujiji mwaka huo huo wa 1878, alikaa akifuatilia jinsi maji yanavyorudi nyuma.

Nani alikuwa "serikali ya mtaa" wakati huo? Ujiji ilikuwa na wakubwa wa biashara kutoka pwani, maarufu zaidi akiwa Mwinyi Kheri. Chini yao, au tuseme pembeni yao, walikuwepo wenyeji Wajiji na wale walioitwa wateko, watu wenye kauli juu ya ardhi na matambiko yake. Sipambi. Ujiji ile ilikuwa soko la pembe za ndovu na la binadamu. Ila jambo moja lilikuwa wazi: anayejua tabia ya ardhi na anayesema nani akae wapi walikuwa ni watu wale wale, na walikuwa wanaishi pale pale.

Kisha wakaja Wajerumani. Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914 haikuishia Ujiji pamoja na jina lake lote. Iliishia Kigoma, kwenye ghuba yenye kina kizuri kwa meli. Ujiji ina ufuko tambarare, na ziwa kwenye ufuko tambarare halikai mahali pamoja. Mtu yeyote anayetaka kujua kama hatari ya Ujiji ilijulikana zamani, jibu liko kwenye ramani ya reli.

Waingereza wakaleta utawala wa kupitia machifu, kwa sheria ya mwaka 1926. Kazi kubwa ya chifu ikawa kodi na utulivu. Mwaka 1953 ikaja sheria ya serikali za mitaa, mabaraza yakaanza kuota taratibu. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, uchifu ukafutwa. Mimi binafsi sioni ubaya, kwa sababu chifu wa mkoloni alikuwa mtu wa mkoloni. Lakini hebu angalia kalenda. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilikuwa zimejaza maziwa yote ya Afrika Mashariki. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Tanganyika likafika kilele chake mwaka 1964. Yaani maji yalifika juu mwaka mmoja tu baada ya wenye ofisi kubadilishwa.

Unaweza kukabidhi muhuri, jengo na daftari la kodi. Alama ya maji unaikabidhi vipi? Nani aliandika kwamba mwaka 1964 ziwa lilifika kwenye mti fulani, nyuma ya nyumba fulani?

Halafu ikaja 1972, na hapa naomba msomaji utulie kidogo, kwa sababu vijana wengi wa rika langu hatukufundishwa vizuri sura hii. Mwaka huo serikali ilianzisha mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina zuri. Kwa vitendo halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikafuata. Kazi zao zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani. Madaraka yalikwenda mikoani kweli, ila yalikwenda na watumishi wa Dar es Salaam.

Mwaka huo huo mkoa wetu ukaingia kwenye Operesheni Kigoma. Watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa. Kulikuwa na shabaha za maana: shule, zahanati, maji. Ila fikiria upande wa maafa. Mzee aliyejua kijito gani kinafurika Aprili na mteremko gani unaporomoka, alipelekwa mahali ambapo hajui kijito hata kimoja. Na baraza ambalo lingeweza kumsikiliza lilikuwa limevunjwa.

Unajua nini kilirudisha halmashauri? Kipindupindu! Katika nusu ya pili ya miaka ya sabini ugonjwa huu uliipiga nchi, na miji ilikutwa haina wa kuzoa taka, haina wa kuzibua mitaro, haina wa kukagua vyoo, kwa sababu waliokuwa wakifanya kazi hizo walishafutwa. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikaja Sheria Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Na. 8 ya mamlaka za miji, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi upya. Tafakari hapo. Halmashauri tunazoziona leo, zenye madiwani wanaogombana juu ya posho, ni mtoto wa maafa. Zilirudi kwa sababu serikali kuu ilijaribu kuzoa taka kutoka mbali ikashindwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia halmashauri hazina uwezo, namjibu kwamba nchi hii ilishajaribu kuishi bila halmashauri, na matokeo tuliyaona.

Tatizo ni kwamba zilirudishwa jina na kazi, lakini kila baada ya muda zinapunguziwa mkoba. Mwaka 2003 ilifutwa kodi ya maendeleo pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo. Wananchi tulishangilia, na kweli kodi ile ilikuwa na manyanyaso, watu walikuwa wakikimbizwa na mgambo. Halmashauri zikaahidiwa ruzuku ya kufidia. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukahamishiwa TRA, na tangu 2021 unakatwa ukinunua umeme wa LUKU. Sasa jaribu kuwa mkurugenzi wa halmashauri. Ruzuku inakuja na maelekezo yake: hii madarasa, hii zahanati, hii barabara. Mtaro ambao haujaziba bado, ukuta ambao haujaanguka bado, familia ambayo haijazamiwa bado, havina kifungu. Fedha za maafa zinakuja maafa yakishakuja.

Sheria tunazo. Ya mwaka 1990 ilihusu zaidi kuratibu misaada, jina lake lenyewe linasema hivyo. Ikaja ya 2015, kisha Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022. Kamati zinatajwa kuanzia taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji. Kwenye karatasi mwenyekiti wa kijiji kando ya ziwa ni mtu mkubwa katika vita ya maafa. Ofisini kwake anaweza asiwe na hata vocha ya simu.

Ngoja nitoe mfano wa halmashauri yetu hii ya Kigoma. Machi 2015 mataifa yalikutana Sendai, Japan, yakapitisha mpango wa miaka 15 wa kupunguza hatari za maafa, na kusisitiza nafasi ya serikali za mitaa. Haikupita miezi miwili, Burundi ikachafuka. Makumi ya maelfu ya wakimbizi wakamiminika Kagunga, kijiji chetu cha kaskazini kabisa, kilichobanwa kati ya mlima na maji, ambacho wakati huo usafiri wake wa maana ulikuwa wa ziwani. Maji ya kunywa ni ziwa, choo ni ufuko. Kipindupindu kikalipuka. Hadi wiki ya tatu ya Mei zilikuwa zimehesabiwa karibu kesi 3,000 na vifo 31. Ilibidi MV Liemba, meli iliyounganishwa Kigoma na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, iwabebe watu kwa awamu hadi Kigoma mjini, wapitie uwanja wa Lake Tanganyika, kisha kambini Nyarugusu.

Hakuna halmashauri ya wilaya duniani inayoweza kupokea umati ule peke yake, na simlaumu mtendaji wa Kagunga. Ila wakimbizi kuvuka kuja Kigoma si jambo geni: walikuja 1972, wakaja 1993, wakaja 1996. Kijiji cha mpakani kilichokwisha kuona hayo kingestahili kuwa na visima na vyoo vya akiba kabla ya 2015. Hilo ndilo maana ya kupunguza madhara. Kugawa mablanketi ni kazi nyingine.

Sasa turudi ziwani, kwa sababu ziwa ndilo mtihani wa haki kuliko yote. Tetemeko halibishi hodi. Desemba 5, 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya ziwa hili hili, hakuna aliyeonywa. Ziwa lenyewe haliko hivyo. Lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 32,900, mlango wake wa kutokea ni mmoja, na sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa kukauka na jua. Mvua ikizidi kwa misimu miwili mitatu linapanda polepole, sentimita kwa sentimita, na kila mwenye macho anaona. Lilianza kupanda hivyo, na mwaka 2020 na 2021 mialo ya Kibirizi na Katonga ikaingiwa na maji. Likatulia kidogo. Baada ya mvua za El Niño likapanda tena, na Mei 2024 likakaribia kiwango cha 1964. Burundi iliomba msaada wa kimataifa Aprili ile. Kwetu nyumba za ufukweni zikaondoka, na wenye dagaa wakahamisha vichanja vyao vya kuanikia.

Miaka minne ya onyo! Ni maafa gani mengine yanatoa muda kama huo?

Na wataalamu wapo. Ofisi ya Bonde la Ziwa Tanganyika iko hapo hapo Kigoma na kazi yake ni maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa kila msimu. Nchi nne zinazozunguka ziwa zina Mamlaka yao ya pamoja, makao yake Bujumbura. Kwa hiyo taarifa ziko kwa wenye vipimo, fedha ziko Hazina, na wajibu uko kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwa wateko wa Ujiji, kujua na kuamua vilikaa nyumba moja. Sisi tumevigawa kwenye majengo matatu, halafu tunafanya warsha kuuliza uwezo umekwenda wapi.

Chukua Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa. Safi kabisa. Lakini mita 60 kutoka wapi? Kati ya miaka ile ya ukame ya katikati ya 2000 na kilele cha 2024 ziwa limepanda zaidi ya mita 2. Chukua ufuko unaoinuka mita 1 kwa kila mita 50, hesabu ya shule ya msingi tu: mita 2 za kupanda ni mita 100 za kusogea. Yule aliyepima mita zake 60 kwa uaminifu wakati ziwa limekauka, mwaka 2024 yumo majini mita 40, na hajavunja sheria yoyote. Na ukipima leo baada ya maji kushuka, unamwandalia mjukuu wake yale yale.

Kwa hiyo nina kipimo changu cha uwezo wa halmashauri. Hakihitaji projekta.

Kwanza, alama. Je, kuna nguzo, hata ya zege la mifuko miwili, Ujiji, Kibirizi, Katonga na kila kijiji cha mwambao, iliyochorwa maji yalifika wapi 2024? Na mstari wa 1964 je, wakati wazee waliouona bado wapo? Kila kiwanja kipimwe kutoka kwenye mstari huo.

Pili, orodha. Mtendaji wa kata ana daftari la kaya zilizo chini ya mstari, na namba zao za simu? Madaftari ya michango ya ujenzi wa shule yapo, kwa hiyo kuandika tunajua.

Tatu, fedha. Bajeti ya mapato ya ndani ina kifungu cha mitaro na viwanja vya kuhamia, kinachotumika wakati jua linawaka? Madiwani wanaweza kukiweka bila kusubiri Dodoma.

Nne, majirani. Baraza la Wilaya ya Kigoma na Baraza la Manispaa yameshakaa meza moja kuzungumzia mto Luiche, unaokusanya maji ya milimani na kuyamwaga kusini mwa Ujiji? Mkulima akikata miti huku juu, tope linaenda kwa mpiga kura wa diwani mwingine.

Msiniambie haiwezekani. Vijiji vinavyozunguka Gombe, ambako milima ilikuwa imebaki upara kufikia miaka ya tisini, vilikaa chini, vikachora ramani zao kwa msaada wa mradi wa TACARE ulioanza 1994 na picha za satelaiti, vikatumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kutenga maeneo ya kulima, ya kuishi na ya kuacha msitu urudi. Wanakijiji ndio walioonyesha mipaka kwa vidole. Huo ndio uwezo, na ulikuwepo siku zote. Ulihitaji mtu wa kuuliza na karatasi ya kuuandika.

Na sisi wa Mwandiga? Hapa ndipo linaponiuma. Maji yakipanda tena, na yatapanda, watu wa ufukweni watakuja huku juu kutafuta viwanja. Wameshaanza. Wanauziwa vipande na wenye mashamba, bila barabara, bila mtaro, vingine kwenye njia ya maji ya mvua. Tutakuwa tumemtoa mtu kwenye ziwa tukamweka kwenye korongo. Kupima viwanja mapema Mwandiga ni kuzuia maafa Ujiji, hata kama ofisi hizo mbili hazipeani barua.

Ziwa kwa sasa limerudi nyuma kidogo, na wiki hii ukipita ufukweni utaona matofali yanapangwa tena. Kama wewe ni wa Kigoma, muulize diwani wako swali moja tu kabla ya mkutano ujao wa hadhara: mita sitini zako unazipima kutoka wapi?

Naomba kuwasilisha.